Kuchangisha fedha mtandaoni hatua kwa hatua: kuanzia aina ya mchango hadi sheria inayokubana

Kampeni nyingi za michango mtandaoni huanguka kabla hazijafunguliwa. Mtu hutengeneza ukurasa, huandika kiasi anachokitamani, hutupia kiungo kwenye makundi, kisha hukaa kusubiri. Wiki mbili zikipita ana michango sita, karibu yote ya ndugu zake. Wapo pia ambao mambo huwaendea vizuri, lengo likatimia, ndipo wakagundua kwamba walichowaahidi watu ni hisa, na kuuza hisa kwa umma bila kibali ni kosa.

Makosa yote mawili yana chanzo kimoja: kuanza na ukurasa kabla ya kujibu swali la msingi. Anayenipa fedha zake anategemea kupata nini? Jibu lake ndilo linaloamua sheria, jukwaa, ukubwa wa lengo na hata maneno utakayoandika. Fuata hatua kwa mpangilio uliopo hapa chini. Ukiruka ya pili au ya nne, utairudia ukiwa tayari umeshika fedha za watu.

## Viwe mkononi kabla ya kuanza

- Kitambulisho halali, na hati za usajili kama anayechangisha ni kampuni, chama au taasisi.
- Akaunti ya benki yenye jina lilelile la kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi. Tofauti ya jina moja la kati inatosha kusimamisha malipo kwa wiki kadhaa.
- Ankara kifani kutoka kwa wauzaji wasiopungua wawili kwa kila gharama kubwa. Bei ya kukisia haitakiwi hapa.
- Uthibitisho wa jambo lenyewe: makadirio ya gharama kutoka hospitali, picha za eneo, au sampuli ya bidhaa inayofanya kazi.
- Orodha ya watu wanaopokea simu yako. Wafuasi wa mitandaoni hawahesabiwi katika orodha hii.
- Muda: miezi miwili au mitatu ya maandalizi kwa kampeni ya bidhaa au hisa, na saa mbili hivi kila siku kampeni ikiwa hewani. Kampeni ya dharura ya matibabu haiwezi kusubiri hivyo, lakini hatua zake ni zilezile kwa ufupi.

## Hatua ya 1: Amua mchangiaji anapata nini

Aina ni nne.

Hisani. Anayetoa hapati kitu. Hapa ndipo penye matibabu, misiba, ada za masomo na miradi ya jamii. GoFundMe ni mfano unaofahamika.

Zawadi. Anayetoa anategemea bidhaa au huduma itakayotengenezwa baadaye. Kickstarter hufanya kazi kwa namna hii, na inakataza kabisa kampeni za hisani na ahadi za faida.

Mkopo. Anayetoa hurudishiwa fedha zake, pamoja na riba au bila riba. Kiva, kwa mfano, humruhusu mtu kukopesha kuanzia dola 25 bila kulipwa riba.

Hisa au dhamana nyingine. Anayetoa hupata sehemu ya umiliki, au haki ya kudai sehemu ya mapato.

Namna ya kuchagua: jambo lisilozalisha fedha ni la hisani. Bidhaa inayoweza kuonyeshwa kwa macho inafaa zawadi. Biashara yenye mapato ya kila mwezi inaweza kubeba mkopo. Hisa ziachie kampuni itakayohitaji miaka kukua na ambayo mwenyewe yuko tayari kuwa na mamia ya wamiliki wenza. Ukichagua hisa, tafuta jukwaa linalowaweka wenye hisa wote chini ya mwakilishi mmoja kwenye rejista ya kampuni. Bila hivyo, kila uamuzi mkubwa utakulazimu kusaka sahihi za watu ambao hujawahi kuwaona.

Onyo. Usichanganye aina. Sentensi kama "changia sasa, biashara ikisimama nitakugawia faida" inageuza hisani kuwa uwekezaji hapohapo. Sheria haitazami jina ulilolipatia fungu hilo. Inatazama ahadi uliyoitoa, hata kama uliitoa kwenye ujumbe mmoja wa sauti.

Umefaulu ikiwa unaweza kujaza sentensi hii bila kusita: "Ukinipa kiasi hiki, utapata kitu hiki kabla ya tarehe hii, na nikishindwa, fedha zako zitafanywa hivi." Ikikushinda sehemu ya mwisho, bado hujamaliza.

## Hatua ya 2: Jua sheria gani inakushika

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi kuliko zote, kwa imani kwamba jukwaa limeshamaliza mambo ya sheria. Jukwaa hujilinda lenyewe kwanza. Ahadi ni yako, na wa kuulizwa ni wewe.

### Hisani

Uliza mambo matatu. Je, nchi yako inadai kibali kwa anayechangisha fedha kutoka kwa umma? Nchi nyingi zinadai, hasa kwa taasisi. Je, unayemchangia amekubali kwa maandishi, au mlezi wake amekubali? Na je, fedha zinaingia moja kwa moja kwake au zinapitia kwako? Zikipitia kwako, unazishika kwa niaba yake. Kuzitumia kwa jambo jingine ni kosa hata kama ulikuwa na nia ya kuzirudisha.

Hadithi ya uongo huishia mahakamani. Mwaka 2017 nchini Marekani, watu watatu walichangisha zaidi ya dola 400,000 kwa kisa cha kubuni kuhusu mtu asiye na makazi. Walipatikana na hatia ya jinai, na GoFundMe ikawarudishia wachangiaji fedha zao.

### Zawadi

Hapa sheria ya kumlinda mlaji ndiyo inayotawala, kwa sababu umepokea fedha na kuahidi kitu. Mwaka 2015 FTC, tume ya Marekani inayosimamia haki katika biashara, ilimchukulia hatua mtu aliyechangisha zaidi ya dola 122,000 kwa ajili ya mchezo wa mezani. Sehemu ya fedha alizitumia kulipa kodi ya nyumba na kugharimia mambo yake binafsi. Kosa halikuwa kwamba mradi ulishindikana, kwa sababu mradi unaweza kushindikana kihalali. Kosa lilikuwa kutumia fedha kinyume na alivyowaambia watu.

Kodi nayo ipo. Mamlaka nyingi huhesabu zawadi kuwa mauzo ya kabla, hivyo kodi ya mapato na kodi ya ongezeko la thamani zinaweza kukuhusu. Muulize mhasibu kabla ya kampeni, kwa kuwa baadaye hakuna wa kumwongezea bei.

### Mkopo na hisa

Hapa unaingia kwenye himaya ya mdhibiti wa masoko ya mitaji, na kila nchi ina viwango vyake. Kwa kawaida mambo manne hudhibitiwa: nani anaruhusiwa kuendesha jukwaa, kampuni inaweza kukusanya kiasi gani, mwananchi wa kawaida anaweza kuhatarisha kiasi gani, na taarifa gani lazima zitolewe. Mifano mikubwa inaonyesha jinsi yanavyofanya kazi.

Marekani. Kanuni ya uchangishaji wa umma ilianza kutumika Mei 2016, na mwaka 2021 kikomo kilipandishwa hadi dola milioni 5 ndani ya miezi 12. Ofa, yaani mwaliko wa kununua hisa, lazima ipitie jukwaa moja lililosajiliwa na SEC, yaani tume ya dhamana, na lililo mwanachama wa FINRA, chombo kinachosimamia wafanyabiashara wa dhamana. Kampuni huwasilisha Fomu C, yaani fomu ya taarifa za ofa, na ofa hukaa wazi siku 21 au zaidi kabla ya mauzo yoyote kukamilika. Mwekezaji anaweza kubadili nia hadi saa 48 kabla ya muda kuisha. Kukitokea badiliko kubwa katika ofa, lazima athibitishe upya ndani ya siku 5 za kazi, asipofanya hivyo anarudishiwa fedha zake. Akishanunua, kwa kawaida hawezi kuuza hisa hizo kwa mwaka mmoja.

Umoja wa Ulaya. Kanuni namba 2020/1503, iliyoanza kutumika Novemba 2021, inaweka kikomo cha yuro milioni 5 ndani ya miezi 12 kwa kila mmiliki wa mradi. Leseni ya nchi moja mwanachama inatosha kuhudumia nchi nyingine za umoja huo. Waraka wa taarifa muhimu kwa mwekezaji haupaswi kuzidi kurasa 6 za A4, na mwekezaji asiye na uzoefu hupewa siku 4 za kutafakari ambazo anaweza kujitoa bila adhabu. Mikopo kwa matumizi ya mtu binafsi haimo katika kanuni hii, inafuata sheria nyingine.

Uingereza. Mdhibiti ni FCA, mamlaka inayosimamia huduma za fedha. Mwekezaji wa kawaida asiyepata ushauri wa kitaalamu hutakiwa kujifunga kutoweka zaidi ya asilimia 10 ya mali yake inayoweza kuwekezwa. Tangu Februari 2023, mteja mpya husubiri saa 24 kabla ya kuendelea.

Afrika. Nigeria ilitoa kanuni zake mwaka 2021 na Kenya mwaka 2022, na zote zinadai jukwaa la uwekezaji lisajiliwe na mdhibiti wa masoko ya mitaji. Mahali ambapo hakuna kanuni maalumu, usidhani uko huru. Sheria ya jumla ya dhamana bado inakushika, na mara nyingi ni kali zaidi kwa sababu haina nafuu kwa wadogo.

Onyo. Kwa hisa, usitangaze masharti ya ofa mitandaoni kabla ya kupata maelekezo ya jukwaa. Marekani, baada ya kuwasilisha Fomu C, tangazo linalotaja bei au idadi ya hisa linaruhusiwa kubeba mambo machache yaliyoorodheshwa tu. Chapisho moja la furaha lenye maneno "faida ni uhakika" linaweza kufuta ofa nzima.

Umefaulu ikiwa una jina la mdhibiti wako, jina la sheria inayokuhusu, na jibu la maandishi kutoka kwa jukwaa au mwanasheria kwamba aina uliyochagua inaruhusiwa unakoishi na wanakoishi wachangiaji wako.

## Hatua ya 3: Chagua jukwaa

Anza na swali la nchi. Majukwaa makubwa huruhusu michango kutoka karibu kila mahali, lakini hupokea waanzishaji kutoka orodha fupi ya nchi. Watu huandaa video kwa mwezi mzima, kisha hukwama kwenye ukurasa wa kuweka akaunti ya benki. Usiazime jina la rafiki aliyeko ng'ambo kuikwepa orodha hiyo. Fedha zitakuwa zake kisheria, kodi itamfuata yeye, na jukwaa likigundua litafunga kampeni.

Kisha angalia mfumo wa malipo. Katika mfumo wa yote au hakuna, lengo lisipotimia hakuna anayekatwa. Kickstarter hutumia huu. Unafaa bidhaa, kwa sababu nusu ya fedha haitengenezi nusu ya kiwanda, na humlinda mchangiaji pia. Katika mfumo wa chukua kilichopatikana, unapewa chochote kilichoingia. Huo unafaa matibabu, ambako hata theluthi inasaidia.

Kwa jukwaa la mkopo au hisa, tafuta jina lake kwenye rejista ya mdhibiti, kwenye tovuti ya mdhibiti mwenyewe. Nembo iliyobandikwa chini ya ukurasa wa jukwaa si ushahidi. Uliza pia nani anashika fedha kampeni ikiendelea. Jibu unalotaka kusikia ni benki au mshika amana aliye tofauti na jukwaa. Marekani jukwaa la aina hii haliruhusiwi kushika fedha za wawekezaji.

## Hatua ya 4: Piga hesabu ya lengo kutoka mwisho kurudi mwanzo

Kosa linaloua kampeni za bidhaa ni kuandika kiasi unachohitaji kana kwamba ndicho kiasi cha kuomba. Tazama mfano huu, kwa sarafu yoyote.

Unahitaji 10,000 za kutengeneza kalibu na kupima ubora. Zawadi unaitoa kwa anayechangia 50. Katika kila 50:

- makato ya jukwaa, asilimia 5: 2.50
- makato ya malipo, asilimia 3 na 0.20: 1.70
- kutengeneza bidhaa moja: 22.00
- kufungasha na kusafirisha: 9.00
- akiba ya zilizovunjika au kupotea njiani, asilimia 5 ya gharama hizo mbili za mwisho: 1.55

Jumla ni 36.75. Kinachobaki ni 13.25 tu. Gawanya 10,000 kwa 13.25 na utapata wachangiaji 755. Baadhi ya kadi za wachangiaji hukataliwa siku ya kukata fedha. Ukiweka asilimia 3 kwa hilo, unahitaji 779. Zidisha kwa 50, lengo linakuwa 38,950, na kodi bado haijaguswa.

Tofauti kati ya 10,000 na 38,950 ndiyo inayowafilisi watu. Aliyeweka lengo la 10,000 akalipata, ana wachangiaji 200 wa kuwatengenezea bidhaa na kalibu hana. Wingi wa michango pia hautibu bei mbovu. Mwaka 2014 Coolest Cooler, boksi la barafu lenye blenda, lilikusanya zaidi ya dola milioni 13 kutoka kwa watu zaidi ya 62,000 kwenye Kickstarter. Gharama zilizidi makadirio, na kampuni ilifunga mwaka 2019 huku maelfu ya wachangiaji wakiwa hawajapata chao.

Usafirishaji ndio mwiba mkuu. Pima kifurushi kikiwa kimeshafungwa, kwa uzito na kwa vipimo vyote vitatu, kwa kuwa wasafirishaji hutoza kwa kile kilicho kikubwa kati ya uzito na nafasi. Panga bei tofauti kwa kila ukanda, na andika wazi nani analipa ushuru wa forodha.

Kwa hisani hesabu ni fupi: chukua gharama halisi, gawanya kwa moja toa makato. Ukihitaji 10,000 na makato yote ni asilimia 4, gawanya kwa 0.96, upate 10,417.

Umefaulu ikiwa mtu mwingine anaweza kuchukua karatasi yako na kufikia lengo lilelile bila kukuuliza.

## Hatua ya 5: Andika ukurasa

Sentensi ya kwanza iseme nani, nini, kiasi gani na lini. Historia ya maisha yako ikae chini, au isikae kabisa. Msomaji anapekua kwa kidole gumba.

Onyesha mgawanyo wa fedha uleule wa hatua ya 4. Andika sehemu ya hatari kwa unyoofu: nini kinaweza kuchelewa na utafanya nini. Hofu kwamba ukweli utafukuza watu haina msingi. Mchangiaji aliyeonywa huvumilia miezi mitatu ya kuchelewa, aliyedanganywa havumilii wiki mbili.

Kwa kifaa, onyesha sampuli halisi ikifanya kazi. Kickstarter inakataza picha za kompyuta zilizotengenezwa zionekane kama bidhaa iliyokwisha kukamilika. Kwa mgonjwa, ficha namba za hati na taarifa ambazo hazihitajiki. Uthibitisho haumaanishi kuanika mwili wa mtu.

## Hatua ya 6: Tafuta theluthi ya kwanza kabla ya kufungua

Mgeni akifika kwenye ukurasa hutazama kiasi kilichokwisha kuingia. Sifuri inamwambia kwamba hata wanaokufahamu hawajakuamini. Kwa hiyo weka kanuni hii: usifungue mpaka uwe na ahadi za watu zinazofikia asilimia 30 ya lengo, watakaotoa ndani ya saa 48 za mwanzo.

Pigia simu au mwandikie mtu mmojammoja kwa jina lake. Mwombe kiasi mahususi na siku mahususi. Tangazo la kundi humwachia kila mtu nafasi ya kudhani mwenzake atatoa. Panga kana kwamba theluthi moja ya walioahidi hawatatoa, na tafuta ahadi za ziada kufidia.

Ikiwa ahadi hazifiki, ahirisha. Kuahirisha hakugharimu kitu, lakini kampeni iliyofia kwenye asilimia 4 hubaki ikionekana kwa kila atakayetafuta jina lako. Kumbuka onyo la hatua ya 2: kwa hisa, ukusanyaji huu wa ahadi nao una masharti, na fedha haziruhusiwi kupokelewa mapema.

## Hatua ya 7: Siku za kampeni

Kickstarter inaruhusu hadi siku 60, lakini 30 zinatosha. Muda mrefu humpa mtu sababu ya kusema "nitatoa baadaye".

Mwanzo na mwisho hubeba michango mingi, katikati hulala. Usitishike. Tunza habari mbili za kweli kwa ajili ya katikati: jaribio lililokamilika, ankara iliyolipwa, hatua ya matibabu. Jibu maswali ndani ya siku moja, hadharani, kwa kuwa anayesoma jibu ni zaidi ya aliyeuliza. Saa 48 za mwisho warudie wote walioahidi na hawajatoa.

Usijichangie kwa kadi yako ili kusukuma namba. Majukwaa mengi hukataza, unalipa makato ya fedha zako mwenyewe, na kwa kampeni ya uwekezaji huo unaweza kuhesabiwa kuwa upotoshaji wa soko.

## Hatua ya 8: Fedha zikiingia

Haziingii siku ileile. Kickstarter huchukua takriban siku 14 baada ya kufunga. Usimwahidi muuzaji malipo kabla ya hapo.

Ziweke kwenye akaunti ya pekee. Lipa kwanza vitu vya mgawanyo uliotangaza, na uache asilimia 10 bila kuguswa mpaka kifurushi cha mwisho kifike. Tuma taarifa kila mwezi hata kama hakuna jipya. Mwaka 2015 droni ya Zano, iliyochangiwa zaidi ya pauni milioni 2.3 na watu zaidi ya 12,000, iliishia kampuni yake kufilisika mwezi Novemba, miezi kumi tu baada ya kampeni kufungwa. Hasira ya wachangiaji ilikuwa kubwa kiasi kwamba Kickstarter ilimwajiri mwandishi wa habari kuchunguza kilichotokea.

Kwa wenye hisa, wajibu ni wa kisheria. Chini ya kanuni ya Marekani, ripoti ya mwaka hutakiwa ndani ya siku 120 baada ya mwaka wa fedha kuisha.

Ukiona mradi hautafika, simamisha matumizi siku hiyohiyo. Andikia wachangiaji wote kwa pamoja: kiasi kilichotumika na risiti zake, kiasi kilichobaki, sababu ya kukwama, na jinsi utakavyogawa masalio kwa uwiano wa alichotoa kila mmoja. Tuma nakala kwa jukwaa. Kama mgonjwa amefariki au amepona kabla fedha hazijaisha, waulize wachangiaji kabla ya kuzihamishia kwa jambo jingine, na anayetaka kurudishiwa arudishiwe.